NANI ALIPE NYANYA ZILIZOOZA?



Shauri lililotusukuma kuandika kurasa hizi lilionekana dogo mno, hata baadhi yetu katika Kamati ya Haki na Amani tulitaka lirudishwe nyumbani lilikotoka. Binti mmoja, mfanyakazi wa nyumbani katika familia ya waamini wenzetu, alikatwa nusu ya mshahara wake wa mwezi kwa sababu tenga la nyanya lilioza jikoni. Baba mwenye nyumba alikuwa akirudi safari ya Iringa. Alipofika Ilula, mahali ambapo kila apitaye barabara kuu huziona nyanya zimepangwa kando ya lami kama mapambo ya sikukuu, bei ilimvutia, akanunua tenga zima. Akalipakia nyuma ya gari, akasafiri nalo juani mchana kutwa, akalishusha usiku mlangoni mwa jiko, akaenda kulala. Nyumba ile ina watu sita. Siku ya nne nyanya za chini zilianza kutoa maji. Siku ya saba inzi walikuwa wengi kuliko nyanya. Hukumu ilitolewa mezani, wakati wa chakula cha jioni, mshtakiwa akiwa amesimama na bakuli la maji ya kunawa mkononi: dada ni mzembe, na uzembe una gharama yake.

Mjumbe mmoja wa Kamati alisema kwamba tunayo migogoro ya ardhi na mirathi ya wajane, na kwamba mambo ya jikoni yamalizwe jikoni. Wengi tuliitikia kwa vichwa. Binti yule akaambiwa asubiri, naye akasubiri wiki mbili. Tulikosea, na kosa letu lilikuwa lilelile la baba mwenye nyumba: tulidhani kuwa kinachotokea kati ya kapu la sokoni na shimo la taka ni jambo la wanawake na watumishi, lisilo na haki wala dhuluma ndani yake.

Basi tuseme wazi tunachotaka kusema. Katika nyumba zetu nyingi, ashikaye fedha hapiki, na apikaye hashiki fedha. Anunuaye haulizi jikoni kuna nini. Apikaye hupokea alicholetewa, kingi au kidogo, kibichi au kilichonyauka, kisha huulizwa kwa nini kimeharibika. Mboga zetu zinaozea hapo, kati ya mtu anayeamua na mtu anayelaumiwa. Ndiyo maana tunakataa kulipokea jambo hili kama somo la upishi tu.

SI JAMBO DOGO

Wapo wasemao kwamba kutupa chakula ni dhambi ya matajiri wa Ulaya na Marekani, na kwamba sisi watu wa kipato kidogo hatuna cha kutupa. Tusijidanganye. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa yake mwaka 2024, ikieleza hali ya mwaka 2022. Katika mwaka ule mmoja, tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa na watu wa majumbani, hoteli na migahawa, na maduka, tukihesabu pamoja na maganda na mifupa. Asilimia 60 ya chakula hicho ilitoka majumbani. Ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Taarifa hiyohiyo inasema kwamba tofauti kati ya nchi zenye kipato kikubwa na nchi zenye kipato cha kati, za juu na za chini, ni kilo 7 tu kwa mtu. Hivyo shimo la taka la mwenye nyumba wa Morogoro na la mwenzake wa ng'ambo hayatofautiani sana kama tunavyopenda kuamini.

Na ndani ya shimo hilo, kinachotangulia ni mboga, kwa sababu mboga haisubiri. Unga hustahimili miezi. Maharage hustahimili mwaka, yakilindwa dhidi ya wadudu. Mchicha uliochumwa alfajiri, ukiachwa juani, jioni yake hautambuliki.

Fikirini kabichi moja imetoka wapi. Katika milima ya Uluguru, upande wa Mgeta, ziko bustani zilizokatwa kwenye miteremko mikali, ambako mtu akipiga jembe vibaya anaweza kuteleza pamoja na udongo wake. Mboga hushuka kutoka huko kwa vichwa vya watu, wengi wao wanawake, hadi gari linapoweza kufika. Pale barabarani mkulima hukutana na mnunuzi na gunia lake. Wengi wenu mnaijua lumbesa: gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa kilemba juu na kushonewa kamba, na yote hayo huhesabiwa kuwa gunia moja kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza. Magunia hayo yamepita barabarani miaka nenda miaka rudi. Kilemba kile ni jasho la mtu ambalo halikulipwa. Baadaye kabichi hufika mjini, nasi tunamwomba mama wa sokoni apunguze bei tena, huku tukisema mbona ni majani tu. Tukifika nyumbani tunaipika nusu, na nusu nyingine inageuka nyeusi nyuma ya ndoo. Tulimpunja aliyeilima, tukambana aliyeiuza, kisha tukaitupa. Mtu akituambia kuwa hilo halihusu haki, na atuonyeshe linalohusu.

Wanaosoma Maandiko wanakumbuka kwamba, baada ya umati kula na kushiba, Bwana aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe (Yn 6:12). Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate ndiye aliyejali mabaki. Naye hayati Papa Fransisko, mwezi Juni 2013 na tena katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa mazingira, alikifananisha chakula kinachotupwa na kitu kilichoibwa mezani pa maskini. Wengine walidhani anatia chumvi. Sisi tuliomsikiliza binti wa nyanya tuna mfano wa karibu zaidi: nyanya zilitupwa, na fedha zikatoka katika mfuko wa aliye maskini kuliko wote katika nyumba ile.

LAWAMA KWA ASIYEULIZWA

Neno linalotuudhi kuliko yote ni lile la kusema kwamba mboga huharibika kwa uvivu wa wanawake. Anayelisema hajui mboga ni kitu gani. Jani lililochumwa halijafa. Linaendelea kupumua na kupoteza maji, wala halina tena mzizi wa kuyarudisha. Kadiri joto linavyozidi ndivyo linavyopumua kwa kasi na kujimaliza lenyewe, na vitamini C inakwenda zake pamoja na maji hayo. Fungu la matembele lililokaa saa sita katika buti ya gari lililoegeshwa juani limeharibika kabla mpishi hajaliona. Nyanya iliyo chini ya tenga imebeba uzito wa nyanya zote zilizo juu yake. Imepasuka njiani, na mpasuko ni mlango wa ukungu. Dada wa nyumba ile alipokea tenga ambalo uozo ulikwisha kuanza chini yake. Hakuulizwa kama jikoni kuna nafasi. Hakuambiwa kama kuna wageni watakaokuja kuzila. Hakuwa na ruhusa ya kugawa hata sado moja kwa jirani, kwa sababu katika nyumba ile mtumishi agawaye kitu bila ruhusa huitwa mwizi.

Tusiwaonee wanaume peke yao. Wako akina mama wenye mishahara na biashara ambao hushika fedha ya nyumba na kutenda vivyo hivyo. Jumamosi asubuhi huenda sokoni na kununua mboga za wiki nzima: mchicha, chainizi, bamia, hoho, biringanya, karoti, na figili iliyoongezwa kwa kuwa ilipendeza macho. Kapu hupita mbele ya majirani likiwa na majani yanayoning'inia pembeni, na tukiri kwamba kupita huko nako kulikuwa sehemu ya ununuzi. Kisha vyote husukumwa ndani ya friji katika mifuko iliyofungwa. Friji imekuwa kaburi la mboga katika nyumba nyingi za mjini. Kiingiacho chini hakionekani tena mpaka kianze kunuka, na siku umeme wa LUKU unapokwisha nyumba inazika kapu zima kwa mara moja. Nani ataulizwa? Si yule aliyenunua.

Kwa faida ya waajiri walio miongoni mwetu, tukumbushane na sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda pia mfanyakazi wa nyumbani. Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara kwa ajili ya hasara iwapo hasara haikutokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Na hata pale kosa linapokuwepo, ni lazima kwanza amweleze kwa maandishi sababu, kiasi cha deni na jinsi kilivyohesabiwa, ampe nafasi ya kutosha ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Kukata nusu ya mshahara, kwa neno la mdomo, mbele ya watoto na ugali, kwa tenga ambalo mkataji mwenyewe alilinunua bila kuuliza, kunavunja kila sharti kati ya hayo. Tulipomsomea baba yule kifungu hicho alishangaa kwa dhati. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba kuna sheria inayoingia mpaka jikoni kwake.

APIKAYE AENDE SOKONI

Tunaloliomba kwanza halihitaji fedha. Yeyote anayenunua mboga kwa ajili ya nyumba asinunue kabla ya kumwuliza apikaye kuna nini na kutalika lini. Vema zaidi apikaye aende sokoni mwenyewe na fedha mkononi, anunue kidogo, arudi tena keshokutwa. Fungu la mchicha ni bei ndogo leo, na litakuwa bei ndogo keshokutwa. Baba akiona nyanya za Ilula au vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na moyo ukamtuma, apige simu kwanza. Vitunguu vitamsamehe, maana huvumilia. Nyanya hazisamehi.

La pili ni kujua kipi kinatangulia kufa. Mama zetu walilijua bila kufundishwa darasani: majani kwanza. Mchicha, matembele, mnafu na majani ya maboga ni vya leo na kesho. Bamia na nyanya zilizoiva hufuata. Biringanya, hoho na nyanya chungu vitangoja siku kadhaa. Kabichi na karoti zitafika mwisho wa wiki. Boga zima lisilochubuka, vitunguu vilivyokauka vizuri na viazi ni akiba. Mpishi aliyeletewa vyote hivi kwa pamoja na akaanza na kabichi kwa kuwa ni rahisi kukata, huyo tutamwonya kidugu. Lakini kwanza tuulize kama aliwahi kupangiwa menyu na mtu asiyejua mchicha una siku ngapi.

Majani yasioshwe mpaka saa ya kupikwa, kwa kuwa maji yaliyobaki juu yake hualika uozo. Yatolewe kamba iliyoyabana, yaliyooza yaondolewe, yaviringishwe katika kitambaa chenye unyevu kidogo na kuwekwa mahali penye kivuli na ubaridi, au mashina yake yasimamishwe katika kikombe cha maji kama maua ya altare. Nyanya mbivu, ndizi na maembe hutoa hewa isiyoonekana iitwayo ethilini, ambayo huharakisha kuiva kwa vilivyo jirani na kuyageuza majani kuwa ya njano. Basi visikae kapu moja na mboga za majani. Nyanya ambayo haijaiva isiingizwe kwenye friji, haitaiva vizuri humo. Bamia na biringanya nazo huumia kwa baridi kali na kuota madoa. Viazi mviringo vikae gizani penye hewa, mbali na vitunguu. Kiazi kilichogeuka kijani kwa mwanga kina sumu. Hapo hatusemi tena habari ya kubana matumizi.

Tenga la nyanya, kama limekwisha kuingia ndani, lina dawa moja: lichambuliwe usiku uleule, na mwenye kulinunua ashike taa. Zilizopasuka zipikwe kabla ya kulala, zichemke mpaka ziwe rojo zito, zitiwe chumvi, zipoe na kutumika siku chache zinazofuata. Tunatahadharisha dhidi ya mtindo wa kujaza rojo katika chupa, kuifunga na kuiweka kabatini kwa miezi bila kufundishwa namna salama ya kufanya hivyo. Chakula kilichofungwa vibaya kinaweza kuzaa sumu isiyo na harufu wala rangi. Nyanya ngumu ngumu zikatwe vipande, zinyunyiziwe chumvi na kukaushwa juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini. Zilizo nzima zipangwe safu moja, kikonyo juu, zisilaliane. Na zinazozidi watu sita zipelekwe kwa majirani kesho asubuhi, siyo Alhamisi.

Kwa wenye nyumba zisizo na friji, na hao ndio wengi vijijini, uko ufundi wa mitungi miwili. Mwalimu mmoja wa kaskazini mwa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliueneza katika vijiji vya kwao miaka ya 1990, na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Mtungi mdogo wa udongo huwekwa ndani ya mkubwa, nafasi iliyo kati hujazwa mchanga, mchanga humwagiwa maji asubuhi na jioni, na juu hufunikwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoka na joto la ndani. Ila tuseme ukweli wote: ufundi huu hufanya kazi palipo na hewa kavu. Dodoma na Singida utafaa sana kipindi cha kiangazi. Tanga na Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe imeloa, utapata mtungi uliolowa na ubaridi mdogo.

Kuna jambo jingine ambalo tunaliandika kwa uchungu. Wazee wetu walikuwa na jibu kamili la mboga nyingi za masika, nalo ni kukausha. Wasukuma na Wanyamwezi wanayo nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kama vile wanavyo michembe ya viazi vitamu. Wagogo wanakausha mlenda na kuusaga, na kwa huo nyumba inakula mboga katika miezi ambayo bustani ni vumbi tupu. Majani huchovywa kidogo katika maji yanayochemka, hutandazwa kivulini penye upepo (jua kali hupunguza sana ile rutuba inayogeuka vitamini A mwilini), kisha huhifadhiwa pakavu. Kazi ya siku mbili. Sasa muulize kijana aliyesoma mjini kama atamwandalia mgeni wake nsansa. Tumewafundisha watoto kwamba mboga kavu ni chakula cha njaa na cha bibi, na kwamba heshima ya nyumba ni friji iliyojaa majani yanayooza. Tumekuwa na aibu mahali pasipostahili aibu. Tunawaomba WAWATA, ambao wanao miongoni mwao akina mama wanaozijua kazi hizi kwa mikono yao, wasingoje semina yenye mfadhili; wawaite wasichana na, tafadhali, wavulana pia, wawaonyeshe wakati mboga zimefurika.

Katika jumuiya moja tuliyoitembelea wanayo desturi ambayo tunaipenda. Siku moja kabla ya siku ya gulio hawanunui mboga yoyote. Chochote kilichobaki kapuni, karoti mbili, robo ya kabichi, nyanya chungu tatu, bamia zilizoanza kukakamaa, hukatwa na kupikwa pamoja kwa karanga au nazi. Mashina laini ya mchicha hayatupwi, humenywa nyuzi na kutiwa ndani. Maganda huenda kwa kuku na mbuzi, na yaliyobaki kwenye shimo la mboji. Watoto wa huko huiita siku hiyo jina la utani ambalo halifai kuchapwa hapa, lakini wanakula.

SADAKA YA VILIVYOOZA

Tusifiche la mwisho, ingawa linatugusa sisi wenyewe tunaokaa viti vya mbele. Tumeona siku ya mavuno kabichi zikipandishwa altareni zikiwa nzuri kwa nje, na zilipokatwa jikoni moyo wake ulikuwa mweusi. Tumeona mifuko ya nyanya ikifikishwa kwenye kituo cha watoto yatima siku ambayo nyumba iliyozitoa ilikuwa imekwisha kuamua kuzitupa. Walezi wa kituo hupokea kwa shukrani, kwa kuwa hawana uwezo wa kukataa, kisha hutumia saa mbili kuchambua na kuchimba shimo. Huko ni kumhamishia maskini kazi ya kutupa taka zetu na kudai ahsante juu yake. Kama tuna kusudi la kutoa, tutoe siku ya kwanza, mboga ikiwa bado na umande, kabla hatujajua kama tutaihitaji.

Na lipo la ndani ya nyumba ambalo ni baya zaidi. Mboga mbichi hupikiwa wenye nyumba. Iliyonyauka hupikiwa dada, mlinzi na fundi. Mtu anayefanya hivyo hutuambia kwa fahari kwamba nyumbani kwake hakuna kinachotupwa. Tunasema kwamba huko siko kuokoa chakula. Kama mboga ingali inafaa, iende katika sufuria moja, ipakuliwe katika sahani zote. Kama haifai, haimfai mtu yeyote, hata anayelala chumba cha uani.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Itasemwa kwamba tunawafundisha watumishi kiburi, na kwamba baada ya kurasa hizi kila chombo kitakachovunjika kitaletwa mbele ya Kamati. Tunajibu kwamba mfanyakazi anayeharibu kwa uzembe wake aonywe, kama sheria inavyoelekeza. Lakini mwenye nyumba anayedai kumtoza mtu hasara ya kapu na ampe kwanza mtu huyo sauti juu ya kapu. Asiyetaka kumpa fedha ya sokoni, wala neno la kusema „baba, zinatosha," abebe mwenyewe nyanya zake mpaka shimoni.

Kuhusu shauri lenyewe, waamini wengi wametuuliza limekwishaje. Wenye nyumba waliitwa, wakaja wote wawili, wakasikiliza. Fedha zililipwa zote, mbele ya katibu, na binti akatia sahihi. Alikuwa amekwisha kuhama nyumba ile na anafanya kazi kwingine. Sisi wanakamati tulimwomba radhi kwa zile wiki mbili tulizomsubirisha. Baba mwenye nyumba alisema kwamba amekwisha kulipa na haoni tena cha kuomba radhi. Mazungumzo naye bado yanaendelea.